Stesheni ya Chalkwell, Southend: panda treni kwa hesabu ya mwezi

Mtu wa pwani aliyeko London akiniuliza ashuke wapi apate kuona bahari, jibu langu ni moja: Chalkwell. Si Southend Central, wanakoshuka wengi kwa kuwa ndilo jina lililozoeleka. Central iko juu, katikati ya mji; ukitoka pale unapita kwanza mtaa wa maduka, kisha unateremka kilima, ndipo uyaone maji. Chalkwell treni inakuteremsha penye bahari. Jukwaa la upande wa kusini limepakana na ukuta wa bahari, na ng'ambo ya ukuta ni ufuo. Ukisimama pale kungoja treni, mbele yako hakuna nyumba wala duka. Ni maji, meli zinazopita, na kwa mbali nchi ya Kent upande wa pili.

Nimekuwa nikiitumia stesheni hii tangu nihamie Barking, mashariki mwa London. Nimekwenda peke yangu nikiwa na mawazo, nimekwenda na watoto wa dada yangu, na nimekwenda na mama mzazi alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Naandika haya kwa sababu Waswahili tupo upande huu wa London, reli inapita karibu na milango yetu, na bado nasikia wenzangu wakisikitika kwamba Uingereza hawajapata bahari ya kukaa wakaitazama. Ipo, na nauli yake si ya kutisha.

Kwa asiyepajua, Chalkwell ni kitongoji cha makazi upande wa magharibi wa Southend-on-Sea, katika Essex. Southend ilikuwa na hadhi ya mji mpaka mwaka 2022 ilipofanywa jiji. Stesheni iko kati ya Leigh-on-Sea na Westcliff, kwenye reli inayoanzia Fenchurch Street, kile kituo kidogo cha majukwaa manne karibu na Tower Hill, na kuishia Shoeburyness. Treni nyingi husimama Limehouse na West Ham, kwa hiyo anayekaa Docklands au Stratford hana haja ya kurudi nyuma hadi katikati ya London. Kutoka Fenchurch Street ni kama saa moja pungufu kidogo. Mimi kutoka Barking natumia kama dakika 40. Angalia tu kwamba treni yako inapita Basildon, kwa sababu zile zinazozungukia Grays na Tilbury huchukua muda mrefu zaidi.

Ukipanda London, kaa upande wa kulia. Mpaka Benfleet hakuna la kukushangaza, ni nyumba na mashamba. Baada ya Benfleet mambo yanabadilika. Kulia inatokea hori, mashua zimelala ubavu kwenye tope au zinaelea, kutegemea saa. Ng'ambo ni Canvey Island. Kushoto, juu ya kilima, utaona magofu ya ngome ya Hadleigh, iliyoanzwa kujengwa karne ya 13. Halafu treni inapita Leigh ikiwa imebanwa kati ya kilima na maji, na kabla hujakaa sawa unasikia Chalkwell inatangazwa.

Stesheni yenyewe si ya zamani sana kwa hesabu za Waingereza. Reli ilifika Leigh mwaka 1855 na Southend mwaka 1856, lakini kwa miaka mingi treni zilipita hapa bila kusimama, kwa sababu hapakuwa na wa kumshushia. Nyumba zilipojaa ndipo kampuni ya reli ya LMS ikajenga stesheni, ikafunguliwa tarehe 11 Septemba 1933. Treni za mvuke ziliondoka mapema miaka ya 1960 zikaingia za umeme, na leo ukiinua macho unaona nyaya za volti 25,000 zimepita kati yako na anga. Miaka ya 1980 na 1990 reli hii ilikuwa na jina baya sana miongoni mwa abiria kwa ucheleweshaji na mabehewa mabovu. Baadaye, chini ya jina la c2c, ikageuka kuwa miongoni mwa zile zinazosifiwa kwa kwenda na wakati, na tangu tarehe 20 Julai 2025 iko mikononi mwa serikali. Kwa upande wangu mimi sina lawama: treni ni safi, zinafika, na mchana huhitaji kukariri ratiba, maana ukikosa moja nyingine haiko mbali.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalitambui. Treni za Uingereza hushika njia ya kushoto. Kwa hiyo ukitoka London unashuka jukwaa la upande wa bara, na bahari unaiona ng'ambo ya reli. Ukirudi London ndipo unapongojea kwenye jukwaa la baharini. Ndiyo maana nasema usifanye haraka wakati wa kurudi. Fika mapema, simama pale mwisho wa jukwaa, upunge upepo. Ni mara chache stesheni ikakupa sababu ya kutaka treni ichelewe, na hii inakupa.

Lakini yote haya yanategemea maji, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Southend iko kwenye mlango wa mto Thames, mahali ambapo mto unapanuka na kuwa bahari. Maji ya hapa yanakupwa sana. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita 5, zaidi ya tuliyozoea Tanga au Mombasa. Na ardhi ya chini imelala tambarare, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli: yanakwenda zaidi ya kilomita moja, yanaacha uwanda wa tope na mchanga mpaka macho yachoke. Gati maarufu la Southend lilijengwa refu hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Lile la kwanza la mbao lilifunguliwa mwaka 1830, meli zikawa haziwezi kulifikia maji yakikupwa, likawa linarefushwa na kurefushwa. La chuma lilifunguliwa mwaka 1889, na leo lina urefu wa zaidi ya kilomita 2. Hakuna gati la starehe refu kuliko hilo duniani, na lina treni yake ndogo ya kupeleka watu mwisho.

Matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaweza kwenda Chalkwell wiki moja, mmoja akarudi anasema ameona bahari nzuri, mwingine akarudi anasema ameona tope. Wote wamesema kweli. Nimesoma maoni ya watu wakiishusha hadhi stesheni na ufuo wake kwa sababu walifika saa mbaya, na inaniuma, kwa kuwa mtu wa pwani analo jibu la jambo hili bila hata kufungua simu. Jibu ni mwezi.

Southend, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mchana, kati ya saa 6 na saa 8 hivi, na kukupwa asubuhi na jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na tarehe 21 au 22 za mwezi mwandamo, ni kinyume chake: maji hujaa asubuhi na jioni, na mchana utakuta pamekauka. Katikati ya siku hizo, saa ya kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Basi ukitaka kwenda asubuhi, kula chakula cha mchana mbele ya maji yaliyojaa na kurudi nyumbani kabla ya magharibi, nenda tarehe 1, 2, 15 au 16 za mwezi. Na tazama bahati iliyoje: Idi el-Fitri huangukia tarehe mosi Shawwal. Siku ya Idi, ukisali na kula pilau, ukapanda treni ya kama saa 5 asubuhi, unafika Chalkwell maji yako ukutani. Familia nyingi ninazozijua huishia kwenye maduka makubwa siku hiyo kwa kutojua pa kwenda. Nawasihi wajaribu hili. Ukitaka uhakika wa dakika, jedwali la maji la Southend linapatikana bure kwenye intaneti. Likague kabla ya kukagua ratiba ya treni.

Nilipompeleka mama, ratiba yetu ya familia haikutoa nafasi ya kuchagua siku. Tulifika mchana, mwezi nusu. Akasimama jukwaani, akatazama uwanda mkavu, mashua zimekaa juu ya tope, watu wadogo wadogo kwa mbali. Nikadhani atavunjika moyo.

"Mwezi ngapi leo?" akaniuliza.

Nikamwambia tarehe 8.

"Basi ni maji mafu. Yatajaa magharibi. Tutembee, mwanangu, tukirudi yatakuwa yamefika."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona bahari hiyo, na alikuwa sahihi kabisa. Tukakaa siku nzima, na jioni tulipokuwa jukwaani kungoja treni, maji yalikuwa yamekuja hadi miguuni mwa ukuta. Mama alifurahi kuliko siku yoyote niliyomtembeza London. Aliniambia majumba ya wafalme yote ni mazuri, lakini hapa amepata mahali anapopaelewa.

Onyo moja nalisema kwa uzito. Msishawishike kutembea mbali juu ya tope maji yakiwa yamekupwa, hasa mkiwa na watoto. Kuna mikondo, na maji yanaporudi huanza kwa kujaza mifereji iliyo nyuma yako wakati wewe unatazama mbele. Mahali tambarare maji huja kwa kasi kuliko mguu wa mtoto. Waokoaji wa Southend wa RNLI, shirika la hisani la kuokoa watu baharini, wana hata hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa, kwa sababu boti ya kawaida haiwezi kufika kwenye tope. Kama mtu ameona haja ya kununua chombo cha namna hiyo, hatari ipo.

Kutoka stesheni kuna njia mbili, na mimi nina ninayoipenda. Ukielekea magharibi, kuna njia ya miguu iitwayo Cinder Path, imepita kati ya reli na bahari mpaka Leigh ya zamani. Ni mwendo wa nusu saa kwa hatua za mzee, tambarare mwanzo hadi mwisho. Treni zinakupita upande mmoja, maji upande mwingine. Mwisho wake ni kijiji cha wavuvi chenye mtaa mmoja mwembamba, baa za zamani na vibanda vya kombe, wale wanyama wadogo wa baharini wenye maganda. Leigh wamevua kombe tangu zamani, na hadi leo boti zao zinaingia pale, kombe zinachemshwa, zinauzwa zikiwa zimetolewa maganda, na wewe unajimiminia siki na pilipili manga. Mama alizionja, akasema zimepikwa kwa ufundi lakini zinalilia nazi. Tulikula sahani nzima.

Ukiwa pale, jua pia kwamba mwaka 1940, majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliponaswa Dunkirk, boti sita za kuvulia kombe za Leigh zilivuka bahari kwenda kusaidia kuwatoa askari ufuoni. Boti iitwayo Renown iligonga bomu la majini wakati wa kurudi, na waliokuwamo wote wakafa. Mojawapo ya zile zilizorudi, Endeavour, imekarabatiwa na inaonekana pale pale Leigh. Mimi huwa nasimama mbele yake. Ni chombo kidogo, wala hakizidi vile vinavyotoka Deep Sea pale Tanga alfajiri kwenda kuvua, na watu waliokiendesha walikuwa wavuvi wa kawaida walioijua kazi yao.

Njia ya mashariki inakwenda Westcliff na gati, kilomita 3 hivi kwa miguu kando ya bahari. Ni nzuri kwa watoto kwa sababu ya aiskrimu na michezo, na sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa Jumapili ya kiangazi hujaa watu.

Kabla hujaenda popote, itafute Crowstone kwenye ufuo wa Chalkwell. Ni nguzo ya mawe iliyochongoka, imesimama peke yake chini ya mstari wa maji, kwa hiyo maji yakijaa huzingirwa. Hii iliyopo iliwekwa miaka ya 1830. Ya kabla yake, ya mwaka 1755, imehamishiwa Priory Park hapo hapo Southend. Nguzo hii ilikuwa alama ya mwisho wa mamlaka ya Jiji la London juu ya mto Thames. Mstari ulichorwa kutoka hapa, ukavuka mto hadi jiwe lingine upande wa Kent, na meli ikiupita mstari huo kuingia ndani ilikuwa imeingia kwenye himaya ya London. Mwaka 1857 kazi hiyo ikachukuliwa na bodi ya Thames Conservancy, na mwaka 1909 ikahamia kwa mamlaka ya bandari. Watu wanapita kila siku na mbwa wao bila kuitazama, nami naona ni mojawapo ya vitu vya maana sana kwenye mwambao huu wote.

Na meli bado zinaingia. Ukikaa saa moja jukwaani au ukutani, hukosi kuona meli kubwa ya makontena ikipita polepole kwenda London Gateway, bandari iliyofunguliwa mwaka 2013 huko juu mtoni. Inaendeshwa na DP World, hao hao waliosaini mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023. Watoto wa dada yangu hupenda kukisia rangi ya kontena litakalofuata. Mimi hukisia limetoka wapi.

Sasa mambo ya mfukoni. Siku za kazi subiri saa za msongamano wa asubuhi zipite ndipo ununue tiketi ya kwenda na kurudi; tofauti ya bei inaonekana. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Mkiwa familia, ile kadi ya punguzo ya Family & Friends inapunguza theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na kwa anayesafiri mara kwa mara inajilipa upesi. Mwenye kiti cha magurudumu, au mzee ambaye magoti hayamtii, aombe msaada kabla ya safari. Ni haki ya kila abiria kwenye reli za Uingereza, ni bure, na wafanyakazi watakuja na daraja dogo la kushushia. Msione haya kuomba. Mwisho wa wiki angalia kwanza kama kuna matengenezo ya reli, kwa sababu treni zinaweza kubadilishwa kuwa mabasi, na basi halikupi mandhari ya Benfleet.

Mavazi ni jambo la kuzingatia kuliko wengi wanavyodhani. Jukwaa la baharini liko wazi kwa upepo, na upepo wa mto huu hata mwezi wa Mei unaweza kupenya shuka. Chukua koti hata kama Barking kuna jua. Juni utakaa mpaka saa 3 usiku bado kuna mwanga. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo toka nyumbani mapema.

Nyota ninazoipa ni tano, na wala si kwa ajili ya matofali yake. Natoa tano kwa sababu sijaona stesheni nyingine karibu na London inayomfikisha mtu wa pwani kwenye kitu anachokijua kwa undani, bila gari na bila kuuliza njia.

Msifikiri pia kwamba ni mahali pa kiangazi tu. Kuanzia mwishoni mwa Septemba na Oktoba, mabata bukini weusi wanafika kutoka Siberia kwa maelfu kuja kukaa kwenye tope la Leigh na Southend, kwa sababu hapo kuna nyasi za baharini wanazozila. Wakati mzuri wa kuwaona ni saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, kwa kuwa maji yanawasukuma polepole kuja upande wa ukuta. Simama kwenye Cinder Path, hatua chache tu kutoka stesheni, na chukua darubini kama unayo.